Mbuzi wa Mama Asha Hakuvunja Kitu

Mbuzi wa Mama Asha hakuikanyaga thermometa. Kwa miaka mingi nimesema aliikanyaga. Nilisema kwa mdomo, nikaandika kwenye fomu ya vifaa vilivyoharibika, na kila hadithi hiyo iliporudi wakati wa chai ya ofisini nilicheka na wenzangu na kumwongezea yule mbuzi ndevu na kiburi. Mengine ya siku ile niliyakiri mapema, kama mtakavyoona. La mbuzi nilibaki nalo, kwa sababu fomu ilikuwa imeshafika Dar es Salaam na sikuona haja ya kuisumbua.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana wa kituoni mmeniomba niandike machache kuhusu "kazi za zamani", na mliitamka zamani hiyo kana kwamba niliajiriwa kabla mvua haijagunduliwa. Vyeo nitaviruka, vilikuwa vichache na havikumchosha mtu. Mshahara nitauruka pia, maana nao uliniruka mara kadhaa. Nitawaeleza jinsi nilivyofundishwa kuangalia.

Nilifika Ifakara mwanzoni mwa miaka ya tisini na shahada ya jiografia na sanduku la vitabu. Karibu nusu ya vitabu hivyo vilihusu theluji: jinsi inavyolala mlimani, jinsi inavyolegea majira ya baridi yakiisha, kwa nini asubuhi inabeba mtu anayeteleza juu yake na ikifika mchana inammeza hadi magotini. Mtihani wa theluji nilifaulu vizuri sana. Theluji yenyewe nilikuwa nimeigusa mara moja tu, kwenye friji la baa iliyokuwa karibu na chuo, nilipokuwa natafuta soda ya baridi.

Kituo chenyewe kilikuwa kiwanja cha nyasi fupi chenye uzio wa waya, nje kidogo ya mji, nyumba za Viwanja Sitini zikionekana upande mmoja na mashamba ya mpunga yakianza upande wa pili. Kulikuwa na kipimamvua, kibanda cheupe cha vipimo chenye kuta za mbao za kupitisha hewa, ofisi ya chumba kimoja, simu nyeusi ya kuzungusha namba, na Mzee Mponda.

Mzee Mponda alikuwa mtu wa Malinyi, aliyeishia darasa la nne na kuanza kazi akiwa kijana wa kufyeka nyasi za kiwanja. Alivaa kofia ya pama nje na ndani. Saa tatu asubuhi ya siku yangu ya kwanza alinikabidhi daftari nijaze mwenyewe. Fomu zetu zilikuwa zimechapwa kwa kufuata mtindo wa nchi za baridi, na safu ya mwisho iliuliza kina cha theluji ardhini. Nikaandika sifuri bila kuinua kichwa.

"Umeangalia?" akaniuliza.

"Nini, mzee?"

"Theluji. Umeandika haipo. Umeangalia?"

"Mzee, theluji Ifakara?"

"Sikukuuliza kuhusu Ifakara, binti. Nimekuuliza umeangalia?"

Nilidhani ananitania. Akasimama mlangoni akisubiri. Nikatoka nje, nikautazama uwanja wote mpaka kwenye uzio, nikarudi.

"Haipo, mzee."

"Sasa andika sifuri."

Baadaye akanieleza. Katika daftari lile sifuri ilikuwa na maana moja: nimeangalia, hakuna. Kama hukuangalia, kwa sababu uliumwa, ulichelewa, ulikwenda msibani, unaweka kistari. Kistari maana yake sijui. "Kistari hakijamfukuza mtu kazi," alisema. "Wakubwa watafoka, watanywa chai, wataendelea. Lakini ukiweka namba usiyoiona, umewaharibia watu ambao hujawahi kuwaona." Nami nilikubali kwa kichwa, kama wasomi wanavyokubali mambo wanayodhani wanayajua.

Alinifundisha na mengine. Bilauri ya kupimia mvua huisomi ukiwa umesimama, ila unapiga magoti mpaka jicho lilingane na maji. Gauni langu jeupe la kwanza la kazini liliisha kwa tope katika masika moja. Kifutio kilikuwa marufuku kituoni. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili lisomeke, unaandika sahihi pembeni na herufi za jina lako. Thermometa ya majanini, ile iliyolazwa juu ya vijiti viwili karibu na ardhi ili ishike baridi ya usiku, inatolewa kila asubuhi na kurudishwa jioni. Na kama siku moja utakuta barafu ndani ya kipimamvua, unapima maji ya moto kwanza, unamimina, barafu inayeyuka, unapima yote, halafu unatoa yale uliyoyaongeza.

"Barafu, mzee? Huku bondeni?"

"Wewe jifunze kutoa."

Nilijifunza. Lakini nilikuwa na hoja zangu za kisomi, na mwaka ule nilizimwaga hadharani. Tulialikwa Michenga, kijiji cha jirani, kuzungumza na wakulima kuhusu mvua za masika, Mzee Mponda akaniachia niongee, na mkulima mmoja akauliza kuhusu mvua ya mawe. Nikamjibu kwamba mawe ni ya milima ya baridi, Njombe na Mufindi. Huku kwetu joto linayayeyusha hewani kabla hayajafika chini. Nilichora na mchoro ubaoni. Watu walipiga makofi. Mzee Mponda alikuwa anavitazama viatu vyake.

Miezi miwili baadaye alikwenda Malinyi kumuuguza dada yake, nikabaki peke yangu kituoni, nikiwa bado kwenye kipindi cha majaribio. Mlinzi alikuja jioni tu. Siku ya Jumanne, baada ya kusoma vipimo vya asubuhi, niliondoka haraka nikaenda kusukwa Viwanja Sitini. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nywele zingekwisha saa nane, na vipimo vya mchana vilikuwa saa tisa. Haraka yenyewe ilinisahaulisha kuiondoa thermometa ya majanini. Na ile hesabu haikumwingiza msusi, aliyekuwa na habari nyingi za ndoa ya jirani yake na mikono miwili tu.

Saa nane na nusu mvua ikashuka. Pale saluni ilikuwa mvua kubwa ya kawaida, ya kuzima mazungumzo juu ya bati. Nusu ya kichwa changu ilikuwa imesukwa na nusu imesimama kama nyasi za bondeni. Nikasubiri. Ilipokatika ilikuwa imepita saa kumi. Nikajifunga kitambaa, nikaenda.

Uwanja ulikuwa mweupe kwenye kona mbili, pale ambapo jua halikufika. Nilisimama getini muda mrefu. Yalikuwa mawe madogo, mengi kama dengu, machache kama karanga, yameshaanza kulegea na kushikana, kama vile vitabu vyangu vilivyosema theluji inavyofanya baridi ikiisha. Thermometa ya majanini ilikuwa vipande viwili. Kwenye mdomo wa kipimamvua barafu ilikuwa imekaa kama kiporo.

Mtaniuliza kwa nini sikuandika tu. Kwa sababu fomu ilitaka mawe yalianza saa ngapi, yalikoma saa ngapi, na mwangalizi alisimama wapi. Mwangalizi alikuwa amekaa kwenye kiti cha saluni. Ningeandika mawe, ningeandika pia kwamba sikuwepo. Na ule mchoro wangu wa ubaoni bado ulikuwa unasimuliwa Michenga.

Nikafanya kazi kwa uangalifu wa hali ya juu. Nilipima maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai, nikamimina, nikapima, nikatoa kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Namba niliyopata ilikuwa sahihi mpaka desimali. Kisha mbele yake, kwenye safu ya aina ya mvua, nikaandika kwa wino: mvua ya kawaida. Na kwenye fomu ya vifaa: thermometa moja, imekanyagwa na mbuzi wa jirani.

Mama Asha, jirani huyo, alikuwa anauza dagaa sokoni kutwa nzima. Kesho yake alisikia habari kwa mlinzi akaja na mbuzi mwenyewe, kamshika kamba.

"Dada wa mvua, huyu ndiye?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nauliza, ndiye huyu aliyevunja chuma cha serikali?"

"Ni kioo, mama."

"Hata kama ni dhahabu. Jana nimemwacha kafungwa, nimemkuta kafungwa, kalowa chapachapa. Au alijifungua, akaja kukanyaga, akarudi akajifunga?"

Nikasema mbuzi hufanana, labda alikuwa mwingine. Mama Asha akamtazama mbuzi, akanitazama mimi na kitambaa changu kichwani. "Haya mwanangu," akasema. "Wewe umesoma."

Ningeweza kuishi na hilo. Nimeishi nalo. Lakini Jumatatu iliyofuata alikuja Masanja.

Masanja alikuwa mfugaji wa Kisukuma, mtu wa makamo, aliyehamia Michenga na familia yake miaka michache kabla. Alitoa kofia mlangoni, akakataa kiti. Alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi bila kusikilizwa. Shamba la mpunga la mjane mmoja, Mama Fidea, lilikuwa limelala lote na mbegu zake zimepukutika, wiki mbili kabla ya kuvuna. Mama Fidea alikuwa msibani Malinyi tangu Jumapili. Aliporudi Ijumaa alikuta mpunga chini na kwato za ng'ombe juu yake. Kijiji kiliwakamata ng'ombe wa Masanja, wote kumi na wanne, wakafungiwa. Siku ya Alhamisi baraza la kata lingekaa mjini. Mashahidi wa Masanja walikuwa mke wake na watoto wake tu, maana kaya nyingine zilikuwa mbali na shamba lile. Akishindwa, ng'ombe wangekuwa fidia ya Mama Fidea na yeye na kaya yake wangetakiwa kuondoka Michenga.

"Ng'ombe wangu wamepita," alisema. "Hilo sikatai. Walipita Jumatano. Lakini mpunga ulikuwa umeshalala tangu Jumanne. Yalinyesha mawe, mama. Tuliyaokota, watoto wakala. Katibu wa baraza amesema ninyi ndio mnaoandika mvua. Nikileta karatasi yenu, atanisikiliza."

Alikuwa na umri wa baba yangu na aliniita mama. Nikafungua daftari, nikalifunga, nikachukua karatasi yenye nembo, nikaandika: Kumbukumbu za kituo za siku hiyo hazionyeshi mvua ya mawe. Nikagonga muhuri. Sijawahi kuandika sentensi ya kweli kuliko hiyo.

Masanja hakuwa msomaji, akaniomba nimsomee. Nikasoma. Akafikiri.

"Hazionyeshi," akasema, "au hayakunyesha?"

"Ni kitu kimoja, baba."

"Kwenu ni kimoja?"

Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa shati, akanishukuru. Kunishukuru kwake ndiko kulikonikosesha usingizi, na mimi si mtu wa kukosa usingizi.

Mzee Mponda alirudi Jumatano. Dada yake alikuwa amepata nafuu. Aliniletea mchele wa Malinyi na kambale mkavu, akapongeza nywele, ambazo kufikia hapo zilikuwa zimekamilika, kisha akauzunguka uwanja polepole kama kawaida yake anaporudi safari. Kwenye kibanda cha vipimo alisimama akapitisha kiganja juu ya paa. Rangi nyeupe ilikuwa imebanduka vidoa vidoa. Aliporudi ndani alifungua daftari.

"Nimeona nakala ya fomu ya thermometa," alisema. "Mbuzi."

"Ndiyo, mzee."

"Alipanda juu ya kibanda?"

"Sijui, mzee."

"Mbuzi mwenye bidii." Akafunua ukurasa mwingine. Kidole chake kikatulia pembeni, kwenye penseli. "Hapa umetoa. Umetoa nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya moto."

"Ya moto ya nini, binti?"

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Katika kituo kile kulikuwa na sababu moja tu duniani ya mtu kufanya hesabu ya kutoa, na niliifanya vizuri, kwa mwandiko unaosomeka, kwenye daftari lisilofutwa. Nikamwambia yote ila la mbuzi, kuanzia saluni. Nilipofika kwenye habari ya Masanja alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Baraza ni lini?"

"Kesho, saa nne asubuhi."

Nilitaka anifokee. Nilitaka hata aniambie kwamba atanisemea makao makuu, maana mtu aliyesemewa anakuwa amemaliza kazi yake. Akarudisha kofia kichwani. Alikwenda kumpikia chai mlinzi aliyewahi mapema.

Asubuhi ya Alhamisi tulisoma vipimo pamoja. Nilitoka nje nikaangalia theluji, haikuwepo, nikaandika sifuri. Kisha nikarudi nyuma kwenye ukurasa wa ile Jumanne, nikapiga mstari mmoja juu ya mvua ya kawaida. Juu yake nikaandika: mvua ya mawe. Kwenye saa za kuanza na kukoma nikaweka vistari viwili. Chini nikaandika: mwangalizi hakuwepo kituoni, na herufi za jina langu. Wino ulikuwa mzito, nikaupuliza. Kwa mtu wa kipindi cha majaribio, ule ulikuwa mstari wa kutosha kumrudisha nyumbani kwao na sanduku lake la vitabu.

Mzee Mponda alisoma bila kugusa ukurasa.

"Simu inafanya kazi leo," alisema. "Nimeijaribu." Akatoka kwenda kufyeka nyasi ambazo hazikuwa ndefu.

Ilikuwa saa nne na robo. Nilizungusha namba ya ofisi ya kata mara mbili ikagoma, mara ya tatu ikaita. Aliyepokea alikuwa katibu wa baraza mwenyewe, na nyuma yake nilisikia watu wengi kwenye chumba kidogo.

"Tuna kikao," alisema.

Nikajitambulisha. Nikasema ile karatasi ya kituo aliyonayo Masanja isisomwe kama ilivyo.

"Imeshasomwa."

"Basi isomwe tena pamoja na haya. Jumanne ile yalinyesha mawe."

"Dada, si wewe uliyetuchorea ubaoni kwamba mawe hayafiki huku?"

"Ndiye mimi. Nilikosea. Na siku yenyewe sikuwa kituoni. Nilikuta barafu kwenye kipimamvua saa kumi na moja jioni, nikaandika mvua ya kawaida. Nimesahihisha daftari. Mtu yeyote aje aangalie."

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasukwa."

Akaziba simu kwa mkono, lakini mkono wa mtu mmoja hauzibi sana. Nilimsikia akiwaambia, "Anasema alikuwa anasukwa." Kicheko kilipanda chumba kizima, nikakisikiliza mpaka mwisho wake, kwa kuwa kilikuwa changu. Kisha ukafuata mvutano wa maneno, kiti kikaburuzwa, na sauti ya mwanamke mtu mzima ikaingia sikioni.

"Mimi ndiye mwenye shamba."

"Shikamoo Mama Fidea."

"Marahaba. Hayo mawe ulikuta makubwa kiasi gani?"

"Mengi kama dengu, mama. Machache kama karanga."

"Mpunga wangu ulikuwa umekomaa."

"Ndiyo, mama."

"Dengu zinatosha kuupukutisha." Alikuwa hasemi na mimi tena. Alivuta pumzi. "Nimewalaani ng'ombe wa watu wiki nzima. Kwa hiyo wa kumdai hakuna."

"Hakuna, mama. Pole sana."

Nje, fyekeo la Mzee Mponda lilikuwa limenyamaza.

"Haya," alisema Mama Fidea. "Mawe ni ya Mungu, na Mungu hana zizi." Kisha, mdomo wake ukiwa mbali na simu, akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Katibu, mwambieni Masanja akafungue ng'ombe wake. Wana kiu."